Keki Iliyokufia Gitega

Keki ya ghorofa tano ilikutwa imelala kifudifudi ndani ya gari-nyumba, nje ya ukumbi wa harusi, Gitega. Maua ya sukari yalikuwa yameteremka hadi sakafuni. Bibi harusi alilia mpaka wanja ukafika kidevuni, na mji ukawa umeshapata mkosaji: Othmani, fundi wa Muyinga, aliyekuwa ametengeneza kiyoyozi cha juu ya paa kabla gari halijaondoka Muyinga na keki.

Inspekta Adventina alimfuata hukohuko Muyinga akamtia pingu katikati ya soko.

"Mi sikuharibu kitu, shefu! Gazi iko, kompresa iko nazunguka!"

"Utaeleza kituoni."

"Bibi yangu iko naangalia. Unipitishe nyuma ya maduka, basi."

Akampitisha mbele. Watu wakashangilia.

Kesho yake alikagua gari mwenyewe. Kiyoyozi kilipuliza, lakini ubaridi wake ulikuwa wa kubahatisha. Chujio safi. Akapanda paani. Vile vibati vyembamba vya kutolea joto vilikuwa vimelala kama nyasi iliyolaliwa na ng'ombe, katikati vumbi jeusi limeshindiliwa.

"Damiano! Ulibeba nini huku juu?"

Dereva aliinama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

"Upepo tu, afande."

"Upepo hauna vumbi la mkaa."

"Sasa afande, gari gani inatoka Muyinga paa tupu? Ni kama kwenda ukweni mikono mitupu!"

"Magunia mangapi?"

"Matatu. Na turubai juu."

"Ukakiziba, joto likakosa pa kutokea, kikazunguka bure. Uliyashusha kwa nani?"

"Uniulize kingine."

"Kwa nani, Damiano?"

"Kwako. Bwana wako Ignasi aliniagiza. Chai ya leo umeipikia mkaa huo."

Adventina alikaa kitako juu ya bati. Magunia yale alikuwa ameyaona jikoni kwake, na hakuuliza yametoka wapi. Polisi mzima!

Alimkuta mumewe anachambua maharage.

"Ulijua?"

Ignasi hakuinua uso. "Mama yako anakuja. Nilitaka akute mkaa mzuri, asiseme tena kwamba nakutesa na moshi."

"Na fundi wa watu analala mahabusu?"

"Nilikuwa nije kukwambia. Nikafika kwa kinyozi, wote wanakusifu, mke wako ni chuma, hein! Nikaona haya."

"Hata mimi nimeona haya, Ignasi. Ila mimi nimelala kitandani, yeye mahabusu."

Alimfungulia Othmani kwa mkono wake.

"Uko huru. Nenda nyumbani."

"Niende namna gani, shefu? Pingu waliiona wote. Kufunguliwa nani ameona?"

Adventina alichukua ufunguo wa gari. Alimpakia kwenye gari la polisi, siti ya mbele, wakaenda hadi Muyinga. Sokoni watu walijaa kabla injini haijazimwa. Yasmina, mke wa Othmani, alisimama mbele, mikono kiunoni.

"Mama," Adventina alisema, macho chini, "mumeo hana kosa. Mkaa ulioziba mashine ulikuwa wa nyumbani kwangu. Nilimwonea."

Yasmina alimtazama kuanzia kofia mpaka buti.

"Sema kwa nguvu, afande. Wale wa nyuma hawakusikia."

Adventina akavua kofia, akaanza upya.