Upande wa Pili wa Kaseti

Maneno yenyewe yalikuwa machache tu: yule fundi redio ana mke na mtoto. Aliyeniletea ni mshonaji wa jirani, pini mdomoni, wakati ananipima gauni. "Mama, sitaki kukutia presha," akasema, halafu akanitia. Wifi yake alipita nyuma ya karakana ya huyo fundi, mlango umefungwa, akasikia sauti ya mwanamke ndani: "Baba, mtoto anakuulizia kila siku, utarudi lini nyumbani?" Na mtoto mdogo anasikika analia. Kwa masikio yake.

Nilitoka pale hata kiuno hajanipima. Nikaosha vyombo na maneno yale, nikaanika nguo na maneno yale, nikalala nayo. Kwa sababu huyo fundi ndiye aliyekuwa anatazamiwa kuja kumposa binti yangu, na binti ninaye mmoja tu.

Naandika haya kwa kina mama wenzangu na kwa mabinti zenu. Mengine niliyaona kwa macho, mengine walinisimulia wenyewe wawili, kila mmoja wakati wake, ndiyo maana nayajua mpaka ya vyumba ambavyo sikuwemo.

Binti yangu anafanya kazi maktaba. Si wale wa mezani wanaoazimisha vitabu. Yeye yuko chumba cha nyuma, anaandika kadi. Kila kitu kinachoingia mle lazima kiandikiwe kadi kabla hakijapewa rafu. Mimi niliyeishia darasa la saba nilidhani kadi ni jina la kitabu na la mwandishi, basi. Akanicheka. "Mama, kitabu unahesabu kurasa, unakipima kwa rula. Ramani unaandika kipimo chake. Picha unasema ina rangi au haina. Kaseti unaandika dakika zake, na kabla hujaandika unaisikiliza pande zote mbili. Kila kitu kina namna yake." Wana kitabu kinene cha kanuni ambacho mkuu wake amekikariri chote. Huyo mkuu wamembandika jina Bi Mabano, kwa sababu ya kanuni moja anayoimba kutwa: ukikisia jambo ambalo kitu chenyewe hakikukuambia, litie kwenye mabano, anayesoma ajue hapo umekisia.

Walikutana Jumamosi mchana, mtaa wa mafundi redio, ule ambao spika kumi zinaimba nyimbo kumi kwa mpigo. Redio kaseti ya maktaba ilikuwa imegoma, binti akatumwa. Sketi ya buluu ya kazini, blauzi nyeupe yenye kola, viatu vinabana, na redio ameikumbatia kama mtoto mwenye homa, huku watu wanampiga vikumbo. Fundi wa kwanza akakataa, wa pili akakataa. Wa tatu alikuwa kijana mrefu mwenye shati la mistari, mikono ameikunja, bisibisi ndogo ameibana sikioni.

"Inaumwa wapi?"

"Inameza utepe."

"Ina njaa hiyo. Huko kwenu hamuilishi?"

"Kaka, nina haraka."

"Haraka ni yako wewe. Yeye hana." Akaifungua, akamwonyesha mpira wa kuzungushia umelegea. Jirani yake wa meza akapiga kelele, "Skrubu! Niazime koleo!"

"Skrubu ndilo jina?" binti akauliza.

"Nimekua nalo. Na wewe?"

"Mimi ni mteja."

"Basi nitaandika Bi Mteja, na Jumatatu Bi Mteja aje mwenyewe kuichukua. Nikimwona mtu mwingine, simpi."

Akaja mwenyewe. Na viatu alibadilisha.

Baada ya hapo nyumba yangu ikawa ya simu. Simu ya binti ilikuwa moja ya zile za vibonye, na alikuwa akiipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Bi Kadi wangu, leo umeandika nini?"

"Ramani mbili na picha za harusi za watu nisiowajua."

"Na mimi utaniandikaje?"

"Kimo sentimita mia na themanini. Kimechakaa kidogo kwenye kola."

"Kola nitabadilisha! Na mwaka?"

"Haukuandikwa popote. Nitakisia, nikuweke kwenye mabano."

"Niweke unapotaka, mpenzi, mradi rafu iwe ya kwako."

Alicheka mpaka maharage yakashika chini ya sufuria. Sikumgombeza. Nilikuwa nampenda yule kijana hata kabla sijamwona.

Sasa, maktaba ikaomba watu walete sauti za zamani: barua za kaseti, nyimbo za nyumbani, zitunzwe. Binti akamsihi Skrubu miezi miwili alete za kwao. Siku moja akatokea mlangoni pa maktaba, shati limepigwa pasi mpaka mikononi, sanduku kwapani.

"Hizi kumi na moja ni za maktaba. Hii ya kumi na mbili isikilize wewe kwanza. Peke yako, pande zote mbili."

"Ina nini?"

"Sikiliza kwanza. Ukimaliza nipigie, kuna jambo nataka kukuuliza." Akaondoka haraka, kama mtu aliyeogopa kurudishwa.

Juu ya kaseti kulikuwa na mwandiko wake: *Nyumbani*, na tarehe ya miaka miwili nyuma.

Jioni ile ile nilikuwa nimetoka kwa mshonaji. Binti hajavua viatu, nikamwambia yote.

"Mama, watu wanasema tu."

"Wanasema kwa sababu wamesikia."

Kesho yake akafunga mlango wa chumba cha nyuma, akaiweka kaseti. Sauti ya mwanamke kijana, imechoka: "Baba, mtoto anakuulizia kila siku, utarudi lini nyumbani?" Nyuma yake mtoto analia. Maneno yale yale ya mshonaji, neno kwa neno. Binti akaitazama tarehe. Miaka miwili tu. Mtoto huyo sasa hata shule hajaanza. Akabonyeza kitufe. Utepe ulikuwa haujafika hata robo ya upande wa kwanza.

Mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza pande mbili! Lakini nani aliyempa masikio ya kusikia hivyo? Mimi.

Skrubu hakusubiri kupigiwa.

"Umesikiliza?"

"Nimesikiliza."

"Yote?"

"Iliyonitosha."

"Mbona sauti hiyo, mpenzi? Nilidhani utafurahi."

"Nifurahi? Hilo jambo lako kamuulize mwenye sauti."

"Mwenye sauti siwezi tena kumuuliza. Wewe unajua."

"Mmeshaachana, siyo? Wote husema hivyo." Akakata.

Akaja nyumbani, akaitupa kaseti mezani bila kava, akajifungia chumbani. Simu yake ikalia sebuleni, alikoiacha. Nikaipokea mimi.

"Shikamoo mama. Naomba kuongea na..."

"Hayupo. Na usipige tena hapa. Msalimie mtoto."

"Mtoto yupi, mama?"

Nikakata. Halafu nikaiona ile kaseti imelala mezani. Nikaingiza kidole, nikavuta. Utepe ukatoka kama matumbo ya samaki, ukajaa mapajani. Nikachukua mkasi nikaukata huku na huku, nikatupa kwenye ndoo ya taka, kibweta chake cha plastiki juu yake. Nilijisikia vizuri. Niseme ukweli, nilijisikia vizuri sana.

Asubuhi Bi Mabano alipita na daftari la kupokelea. "Sanduku la fundi lina kaseti kumi na moja. Daftari linasema kumi na mbili."

Binti akaanza kulia. Akasema yote.

"Pole, mwanangu," Bi Mabano akasema. "Lakini upande wa pili ulisikia nini?"

"Sikuufikia."

"Na hiyo tarehe uliyoiona, ni ya siku ya kurekodi au ya siku ya kunakili?"

Binti akatazama meza. Kava lilikuwa bado pale. Bi Mabano akaitoa karatasi yake, akaikunjua. Ndani, mahali ambapo kila mwandika kadi hutazama kwanza, paliandikwa: *Nimenakili kutoka kaseti ya baba. Ile ya kwanza imeota ukungu, haitoi sauti tena.* Tarehe ilikuwa ya kunakili. Sauti ilikuwa ya miaka mingi kabla ya hapo.

Nilikuwa namenya vitunguu binti alipoingia mbio. "Mama, kaseti iko wapi?" Macho yangu yakaenda kwenye ndoo. Akaimwaga sakafuni. Majani ya chai, maganda, na utepe. Nusu ya taka nilikuwa nimeshaipeleka jalalani, na gari lilikuwa limeshapita.

Alikaa chini akaufuta utepe kwa pindo la sketi yake ya kazini, akaunga vipande kwa gundi ya karatasi, akauzungusha kwa kalamu ndani ya kibweta. Saa nzima hakunitazama. Akaweka upande wa pili.

Yule mwanamke alikuwa anacheka. "...amefungua redio yako tena, skrubu zote kazificha kwenye mtungi wa maji! Sasa jina lake silitaji, namwita Skrubu. Skrubu, msalimie baba." Kitoto kikasema kitu. "Hataki kulala mpaka nimwimbie. Sikiliza na wewe huko kazini kwako, mume wangu." Akaanza kuimba. Mistari miwili. Halafu mkwaruzo, halafu hakuna.

Hapo ndipo mkasi wangu ulipopita.

Tulikwenda wote wawili. Mtaa una kelele zake zile zile. Skrubu alikuwa ameinama mezani, ndevu hajanyoa. Binti akamwekea kaseti mbele. Akaigeuza, akaona viungo vya gundi.

"Nani amekata?"

"Mimi," binti akasema.

"Anadanganya," nikasema. "Ni mimi, mwanangu. Nilisikia maneno ya watu, nikayafanya kweli."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alisema, "Mama alifariki nikiwa na miaka mitano, binti yako nilishamwambia. Sauti yake nilikuwa nayo hiyo tu, naisikiliza hapa mlango ukiwa umefungwa. Nilitaka amsikie kabla sijamuuliza kama atanikubali. Mama hana namna nyingine ya kukutana na mkwe."

"Niulize sasa," binti akasema.

"Sasa siwezi."

Miezi minne simu haikulia. Binti akakonda mpaka sketi ya buluu ikahitaji pini. Mshonaji akaja na habari nyingine mpya, ya mtu mwingine. Nikamwambia pale pale mlangoni, hapa hatusikii vizuri. Kila Ijumaa nilikwenda mtaa ule, nikasimama ng'ambo nikimtazama anafanya kazi. Mara mbili aliniona, akaniamkia kwa kichwa.

Halafu siku moja, adhuhuri, binti yuko kazini, simu yake ikalia.

"Bi Kadi."

Binti akaweka kalamu chini.

"Ile kadi ya kaseti yangu umeiandika?"

"Nimeiandika."

"Nisomee."

"Kaseti moja. Dakika hamsini na tatu. Mama anamtumia baba salamu za nyumbani. Nakala, ya asili imeharibika. Upande wa pili, wimbo wa kumbembelezea mtoto, umekatika."

"Umeandika nani aliyekata?"

"Kanuni haidai."

"Vizuri. Sitaki mama yetu asomwe na watu."

"Mama yetu?"

"Kama unaona nakisia, niweke kwenye mabano."

"Hapana," binti akasema, na wenzake chumba kizima walimsikia. "Hapo sikuwekei mabano."

Walioana. Wana mtoto wa kike, na mchana akigoma kulala baba yake humbeba akamwimbia. Anaimba mistari miwili, anafika pale pale, ananyamaza. Binti yangu alimwambia malizia tu kwa maneno yako. Akasema hapana, hayatakuwa ya mama. Basi mtoto hulala na mistari miwili, na mimi nikiwa chumba cha pili huwa naacha ninachofanya mpaka kimya kile kipite.

Kwa hiyo, wanangu na kina mama wenzangu:

Usibebe maneno yaliyosikiwa nyuma ya mlango uliofungwa.

Usizime kaseti kabla hujageuza upande wa pili.

Usisome tarehe ya juu bila kuuliza ni tarehe ya nini.

Usipokee simu ya mwanao.

Usimwache mtu bila kumwuliza mwenyewe, kwa swali lenye maneno yote.

Usimwambie mwanao jambo la uchumba au la kuachana kabla hajavua viatu.

Usitupe kitu ambacho hujui kama kiko kingine.

Usishike mkasi ukiwa na hasira.