Ukoka kutoka Kakuma

Kila asubuhi nilijua kumekucha kwa kelele za madumu. Mama Atabo alikuwa akifika na punda wake kutoka visima vya mchangani, kule mtoni Turkwel, na kugonga geti la kota zetu za hospitali kwa fimbo.

"Ejok, nyinyi watu ya kulala!" aliita, akitusalimu kwa Kiturukana. "Jua iko juu ya kichwa tayari!"

Nilikuwa nikitoka mbio bila viatu kuchukua madumu mawili, moja la kupikia na moja la nyasi. Ndiyo, nyasi! Msicheke. Huo ulikuwa mwaka wa 1996, nikiwa darasa la sita, na mama yangu, muuguzi hapo Lodwar, alikuwa ameapa kwamba nyuma ya nyumba yetu patakuwa kijani. Mdogo wangu Ebenyo alikuwa anajifunza kutembea, na kila alipoanguka kwenye kokoto alichubuka magoti. Basi Mama aliagiza nyasi kutoka Kitale, nyasi laini za kule kwenye baridi, akazipanda na kuzibembeleza utadhani ni mtoto wake wa tatu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipokosea. Mbuzi wangu mweupe, Nakwang, alizaa pacha. Siku mbili baadaye nikamkuta anatafuna karatasi ya saruji, mbavu zinahesabika. Mimi ni Mturukana. Kwetu nyasi ni chakula cha mifugo, si kitu cha kutazamwa! Mbuzi mwenye pacha ale karatasi, na kijani kipo hatua kumi tu kutoka kwake? Moyo uliniuma. Mama alikuwa kazini, nami nikafungua uzio wa kiwanja cha nyasi. Dakika tano tu, nilijiambia, kisha nikaingia jikoni kukoroga uji wa Ebenyo.

Lo! Nilipotoka, Nakwang na mbuzi wengine wanne wa jirani walikuwa wameng'oa nyasi na mizizi yake. Nyasi za Kitale hazikuwa zimeshika ardhi sawasawa. Palibaki vumbi na vijiti vikavu.

Mama alirudi jioni, akashika kichwa. "Nakal! Nani amefanya haya?"

"Punda wa Mama Atabo," nilisema.

Uongo ulinitoka upesi hata mimi mwenyewe nikashangaa. Asubuhi Mama alimngojea Mama Atabo getini na kumfokea mbele ya majirani wote.

"Punda yangu ilisimama hapa nje, kama siku zote," alisema Mama Atabo kwa upole. "Mimi nimeleta maji kwa hii geti miaka tisa."

"Usiyalete tena!" alijibu Mama.

Nyumba zote sita za kota zikamfungia mlango. Nani angemkaribisha punda mharibifu? Mama Atabo alinitazama mara moja, akamgeuza punda wake, akaenda zake. Siku ile sikula chakula cha mchana.

Jumamosi Mama alitumwa Kakuma kusaidia kuchanja watoto katika kambi ya wakimbizi, akanichukua. Nilisahau aibu yangu kwa muda, kwa sababu pale nilikutana na Ayen, msichana wa kutoka Sudan mwenye miguu mirefu, aliyenishika mkono na kunivuta hadi kwenye bomba la maji la mtaa wao. Na pale, jamani, palikuwa kijani! Watu walikuwa wamepanga foleni juu ya nyasi, madumu yanaburutwa juu yake, mbuzi wanaitafuna, na bado ilikuwa imetambaa kila upande maji yalipomwagika.

"Mama! Mama, njoo uone!" nilipiga kelele mpaka watu wakageuka.

Babake Ayen, Mzee Wal, ndiye aliyelinda bomba. Alicheka alipomwona Mama amepiga magoti na sare yake nyeupe.

"Huu ni ukoka!" alisema Mama. "Kumbe unaota huku?"

"Hii hapana ogopa kitu," alisema Mzee Wal. "Mbuzi nakula, watu nakanyaga, jua nachoma. Kesho iko. Lakini kwanza, wiki mbili, kunywa maji asubuhi na jioni. Kama hapana kunywa, nakufa."

Tulirudi Lodwar na gunia zima la matawi ya ukoka, limefunikwa kwa shuka lenye maji. Jumapili baada ya kanisa tulianza kazi. Tuling'oa mizizi iliyokufa, tukachanganya udongo na samadi, tukachora mifereji midogo. Mama alikata matawi vipande vipande, kila kipande na vifundo vitatu, nami nikavilaza na kuacha vichwa nje. Nilikuwa na furaha tele! Niliimba hadi sauti ikakauka.

Kisha Jumanne bomba la kota, tulilolitegemea tangu Mama Atabo afukuzwe, likakauka. Jumatano hakuna maji. Alhamisi vichwa vya ukoka vilikuwa vimeanza kugeuka kahawia. Nilibeba dumu kutoka mtoni mara mbili, mchanga ukanywa maji yangu yote kabla sijafika katikati ya kiwanja. Nikakaa chini nikalia.

Ndipo nikaenda kwa Mama Atabo. Nilimkuta nje ya boma lake, punda amefungwa na madumu yamepangwa yakiwa yamejaa, hayana wa kuyanunua.

"Nyasi yetu inakufa," nilisema huku nikitazama vidole vyangu vya miguu.

Nilitarajia anifukuze. Mama Atabo alinyanyuka, akaanza kumpakia punda. "Nyasi haina kosa," alisema. "Twende."

Afadhali angenichapa! Tulitembea hadi getini. Mama alitoka amekunja uso, na majirani wakachungulia.

"Mama, usimfukuze!" nilipaza sauti ili wote wasikie. "Si punda. Ni mimi. Nilimfungulia Nakwang, kisha nikasema uongo."

 Mama akashika mikono yote miwili ya Mama Atabo. "Nisamehe, dada. Nilikuhukumu bila kukuuliza."

Kisha akanigeukia. "Nawe, mwagilia kwanza. Ukimaliza, tutabisha hodi kila nyumba, na wewe ndiye utakayesema."

Nilisema mara sita, ukihesabu na ile ya getini. Mara ya kwanza ilikuwa ngumu kuliko zote.

Baada ya wiki tatu ukoka ulikuwa umefunga mikono chini ya ardhi, hata Ebenyo aliuvuta ukamshinda. Akaanguka kwa makalio, akacheka, akainuka, akapiga hatua nne. Nne! Tulishangilia mpaka majirani wakaja.

"Nakal," alisema Mama, "ukoka huota tena ukimwagiliwa. Jina la mtu nalo ni hivyo hivyo. Ila aliyeling'oa kwa uongo ndiye anayepaswa kubeba maji ya kulifufua."

Asubuhi iliyofuata madumu yaligongana getini. Nilitoka mbio bila viatu, nikamshika punda wa Mama Atabo kwa kamba, nikamwingiza hadi katikati ya kiwanja.

"Wewe, unafanya nini?" aliuliza Mama Atabo.

"Alishtakiwa bure," nilisema. "Leo ale kweli."

Punda akainamisha kichwa, akaanza kula.