Losivale na Intaneti ya Ukoo

Losivale alifanya kazi nyumbani, kijijini katika kisiwa cha Savai'i. Alisikiliza sauti zilizorekodiwa na madaktari wa mji wa Auckland, ng'ambo, akaandika maneno yao, kisha akawarudishia kwa intaneti. Masikio yake yalikuwa makali. Intaneti ndiyo iliyomsumbua.

Kila jioni, sala ya kijiji ikiisha, ndugu walijaa kwake na simu zao. Nyumba za huko hazina kuta, na kumnyima ndugu ni aibu kubwa. Basi sauti zikawa zinakatika, na kazi iliyokwisha haiondoki. Msimamizi akamwandikia: ukichelewa tena, kazi tunampa mwingine. Losivale alilia. Akanunua kifurushi kikubwa zaidi, lakini wapi!

Akamwita jirani yake Penitoa, fundi wa simu.

"Kaka, nimeibiwa. Eti kasi kubwa!"

Penitoa alipima kwa simu yake, akacheka. "Hukuibiwa, dada. Kasi ni mbili, ya kuleta na ya kupeleka. Umeongeza ya kuleta tu. Ya kupeleka ni ileile, na ndugu zako wanaimaliza kwa simu za video kwa jamaa walioko Sydney."

"Niwafukuze?"

"Thubutu! Halafu uzikwe na nani?"

Akachomeka waya kutoka kisanduku cha intaneti hadi kwenye kompyuta. "Waya ni imara kuliko hewani." Kisha akatenga fungu la kasi kwa ajili ya kazi, na la ndugu akaliwekea kikomo. "Siku nyingine kabla ya kununua, uliza kasi ya kupeleka. Na simu yako iwe na bando la akiba, intaneti ya nyumbani ikikatika usikwame."

Mwisho akamnong'oneza neno la siri la kisanduku. Mwenye neno hilo ndiye anayeweza kuondoa kikomo.

Jioni ndugu walikuja kama kawaida, wakapiga simu zao, wakacheka. Losivale naye akatuma kazi yake, ikaondoka mara moja. Msimamizi akajibu kwa kumpa nyingine. Losivale akashusha pumzi.

Lakini mkuu wa nyumba hafichwi jambo. Losivale akaenda kwa mkuu huyo, mama mkwe wake Sa'eu.

"Mama, neno la siri ni..."

Sa'eu akaziba masikio. "Usinitajie! Mimi ndugu akiniomba, nampa. Nisipolijua, sijamnyima mtu, nawe kazi yako inabaki."