Swali la Sharon

Soko kuu la Sumbawanga lilifurika watu Jumamosi ile. Mwalimu Coleta, ndani ya sweta jekundu na sketi ya kitenge, alikuwa akibishania bei ya koti kuukuu la mtumba.

"Shemeji atapwaya humo," sauti ikasema nyuma yake.

Aligeuka. Kijana mrefu, shati lina madoa ya rangi.

"Si la mume. Ni la mwanafunzi wa darasa la sita. Tunaigiza mkutano wa mtaa."

"Basi mtahitaji pazia la nyuma lenye picha. Naitwa Ngeleja, nachora mabango. Nitawachorea bure."

"Bure? Unataka nini?"

"Kwa leo, namba yako ya simu."

Akampa, huku akijilaumu.

Coleta alikuwa amechoka kusikia watoto wakikariri haki za raia bila kuzielewa. Ndiyo maana akawapa igizo: wananchi wanamhoji mwenyekiti kwa nini bomba la mtaa limekauka. Ngeleja alichora ofisi ya mtaa juu ya mashuka, akawafundisha watoto kupaza sauti. Jioni alimsindikiza Coleta hadi kwao mtaa wa Malangali, akimtania, "Mheshimiwa mwalimu, baridi hii utaimaliza na nani?" Coleta alicheka, na taratibu akampenda.

Kilichomkera ni simu. Kila ilipolia, Ngeleja alitoka nje akanong'ona Kisukuma.

"Nani huyo?"

"Dada yangu Kabula, yuko kijijini Muze. Mbona macho hayo, mama?"

Dada gani wa kunong'onezwa? Siku moja Coleta alitega sikio, akanasa maneno mawili tu: jina lake mwenyewe, na Jumapili. Usingizi ukamruka.

Kisha mwalimu mkuu, Wilibrodi, akamwita ofisini. "Wazazi wamenijia juu. Eti igizo lako linamsema mwenyekiti wetu, na uchaguzi wa mtaa umekaribia. Nani anawatuma hawa watoto?"

Igizo lilikuwa bado halijaonyeshwa. Mtu mzima aliyelijua, mbali na yeye, alikuwa mmoja tu.

Aliingia darasani kama upepo. "Ngeleja, toka! Nani anayegombea amekutuma uwatumie watoto wangu?"

Ngeleja aliweka brashi chini. "Unaniuliza, au umeshahukumu?"

"Toka!"

Akatoka. Sharon, binti mwembamba aliyeigiza mwenyekiti, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ulisema mtuhumiwa asikilizwe kwanza. Kaka Ngeleja amesikilizwa?"

"Kaa chini, Sharon."

Sharon hakukaa. "Ni mimi niliyesema nyumbani. Nilimuuliza baba lile swali la bomba, nijue mwenyekiti ajibuje. Akakasirika, mwenyekiti ni rafiki yake."

Mkono mwingine ukainuka, na mwingine. Kumbe karibu darasa zima lilikuwa limewahoji wazazi wao.

Coleta alimpigia Ngeleja simu hadi jioni ndipo ikapokelewa.

"Sema," Ngeleja alisema kwa ubaridi.

"Njoo shuleni kesho. Nimekufukuza mbele ya watoto. Nitakuomba radhi mbele yao."

Alikuja, akasimama mlangoni. Coleta aliomba radhi, na hakuna mtoto aliyecheka. Kisha akamwomba mwalimu mkuu awaalike wazazi wote, na mwenyekiti pia, walione igizo kwa macho yao.

Walikuja. Sharon alihojiwa hadi jasho likamtoka. Mwenyekiti halisi alikaa amekunja uso mwanzo mpaka mwisho, akaondoka mara tu lilipokwisha. Lakini hakulizuia.

Watu walipokuwa wakitawanyika, Coleta alishindwa kujizuia. "Na Kabula?"

"Bado tu!" Ngeleja akashusha pumzi. "Baba hakutaka mkwe wa Kifipa. Kabula ndiye aliyembembeleza mpaka akakubali. Jumapili, baada ya misa, wazee wangu wanataka kuja kwenu kujitambulisha. Niliogopa kukwambia, wasije wakagoma ukaumia."

"Mmepanga yote hayo bila kuniuliza?"

"Nakuuliza sasa. Ila lile neno la kutumwa liliniuma, Coleta. Bado linauma."

Coleta hakujitetea. Akamtazama usoni.

"Najua. Litachukua muda. Waje tu, lakini jibu watalipata kwangu, si kwa baba yangu."

"Na jibu lenyewe?"

"Wewe vaa shati safi," alisema, akamshika mkono mbele ya walimu wote.