Bati Lililotupwa Nyuma ya Choo

Kila asubuhi Alanyo alimsaidia mdogo wake Obita kupanda gari la baba yao, kisha akampa magongo yake. "Asante, dada," Obita alisema kila mara. Hakuweza kutembea mwendo mrefu. Bila gari lile asingetoka kwenye nyumba za polisi Nsambya hadi shuleni Mengo. Lakini sakafu ya gari hilo ilikuwa imeliwa na kutu hadi lami ikaonekana chini ya viatu.

Baba yao, Sajini Ochan, aliamua kununua mashine ya MIG ya bei nafuu, ile ya kuchomelea kwa waya unaojitoa wenyewe, ili alitengeneze gari mwenyewe nyumbani. Siku hiyo alikuwa zamu, kwa hiyo akamwomba mjomba Sebit, mkazi wa Nateete, akanunue. Baba alikata kipande cha bati la sakafu ile akampa Alanyo.

"Mpelekee mjomba wako. Muuzaji aijaribu mashine kwenye bati hili hili. Bati la gari ni jembamba, moto mkali utalitoboa. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

Loo! Kufika kituo cha teksi akawaona wasichana wa darasa lake. Aonekane na bati la kutu mkononi? Thubutu! Alirudi mbio nyumbani akalitupa nyuma ya choo.

"Baba yako hakukupa kitu?" mjomba aliuliza dukani Nateete.

"Hapana. Amesema mjaribu chuma chochote."

Muuzaji akaunga vyuma vinene vya dirisha. Cheche ziliruka, mshono ukatoka safi, mjomba akalipia.

"Mlijaribu kwenye bati langu?" baba aliuliza jioni.

"Ndiyo, Baba." Uongo wa pili huo, nao ulitoka kirahisi kuliko wa kwanza.

Jumamosi baba alivaa kofia ya kuchomelea. Kila alipogusa bati la sakafu, lilitoboka. Alishusha moto hadi mwisho, matundu yakazidi kupanuka. Majirani wakamcheka waziwazi.

"Kumbe mikono yangu haifai kitu," alisema kwa unyonge. Alanyo alimsikia vizuri sana, na bado akanyamaza. Moyo gani huo, jamani?

Gari likalala. Pesa za bodaboda hazikuwepo, mashine ilikwisha kuzimeza. Obita akabaki nyumbani, na mitihani ya mwisho wa mwaka ikampita.

Mjomba alipokuja kuwatembelea, baba alimfokea. "Shemeji, mashine hii ilijaribiwaje kwenye bati langu?"

"Bati gani? Mtoto alisema hukumpa kitu!"

Wote wakamgeukia Alanyo. Akaangua kilio, akaeleza alivyoona aibu na mahali alipolitupa.

Baba hakumchapa. "Kalilete," alisema tu. Kesho yake Alanyo alilibeba bati mchana kweupe, mjomba akiwa na mashine, akawapita wasichana wale wale kituoni. Hakuna hata mmoja aliyegeuka. Muuzaji alipoona linavyotoboka, alikubali kuwabadilishia kwa mashine ndogo iliyotumika, ambayo moto wake ulishuka vya kutosha. Wiki hiyo hiyo sakafu ikazibwa.

Shule zilipofunguliwa, wenzake Obita waliingia darasa la tano. Yeye akarudia la nne.

"Aibu yako ingekwisha kabla ya kufika Nateete," baba alimwambia Alanyo wakiwa kando ya gari. "Uongo wako umemgharimu mdogo wako mwaka mzima. Nami niliilaumu mikono yangu, kwa sababu sikudhani mtoto wangu angenidanganya. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kosa likiwa bado dogo."

Alanyo akampa Obita magongo yake. Obita aliyapokea, akatazama mbele, asiseme "Asante, dada" kama zamani.