Tone la Mafuta la Mwanapili

Kila asubuhi kabla ya kwenda skuli, Ruweida alifagia uwanja, akamsaidia mama yake kutandaza karafuu juu ya majamvi, kisha akanywa chai yake upesi upesi huku akizungumza. Alikuwa mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza katika skuli moja ya Mtambile, na hapakuwa na mwalimu asiyeijua sauti yake. Asubuhi hiyo alikuwa amefura kwa hasira.

"Mama, choo! Hata choo walimnyima!"

"Nani tena kanyimwa choo?" aliuliza mama yake, Bi Nusaiba, huku akiokota vikonyo kwenye karafuu.

"Bi Lise Meitner! Yule mwanafizikia tunayemsoma kwa ajili ya maonesho ya sayansi. Kazaliwa Austria, zamani, wakati wasichana wakifungiwa milango ya skuli za juu. Akasoma kwa taabu mpaka akapata udaktari wa fizikia. Akenda Ujerumani kufanya utafiti, wakamwambia mwanamke haruhusiwi kupanda juu kwenye maabara. Wakampa chumba cha chini kilichokuwa karakana ya seremala. Mshahara hana. Na akitaka choo, lazima atoke akatafute hoteli ya jirani!"

"Lahaula!" alisema Bi Nusaiba. "Msomi mzima?"

"Na hilo dogo, mama. Subiri nikirudi nikwambie walivyomla haki yake."

Akachukua mkoba wake akatoka. Njiani alimpitia Mwanapili, binti wa ami yake, ambaye alikuwa darasa moja naye. Mwalimu Rahila, mwalimu wao wa sayansi, alikuwa amewapa kazi wote wawili: wajifunze maisha na kazi ya Lise Meitner, kisha waitayarishe kwa maonesho yatakayofanyika Chake Chake.

Mwanapili hakuwa kama Ruweida. Alisema kidogo, na akisimamishwa mbele ya watu sauti ilimkauka. Lakini jambo asilolielewa halikumpa usingizi. Walipokuwa wakisoma pamoja barazani kwa kina Ruweida, Ruweida aligonga meza kwa hasira kila alipofika pabaya. Alisoma jinsi watawala wa Ujerumani wa wakati ule walivyowatesa Mayahudi, na jinsi Bi Lise, aliyezaliwa katika familia ya Kiyahudi, alivyotoroka nchi akiwa amekwisha kuwa mtu mzima, mzigo wake mdogo mkononi. Alisoma jinsi mwenzake wa miaka mingi, mkemia Otto Hahn, alivyomwandikia kutoka Ujerumani kuwa ameona jambo la ajabu katika madini ya urani na hajui maana yake. Bi Lise, akiwa ugenini Sweden, akaenda kutembea na mpwa wake kwenye theluji. Wakaketi juu ya gogo, wakapiga hesabu kwenye vipande vya karatasi, wakaelewa: kiini cha atomu kimepasuka.

"Halafu tuzo ya Nobeli akapewa Hahn peke yake!" Ruweida alipiga kelele. "Peke yake! Na ulimi wa kumtaja mwenzake anao!"

Mwanapili alikunja uso. "Mie naona uchungu pia. Lakini kiini kinapasukaje? Hapa wanasema kilivutika kama tone la maji. Kama hatulijui hili, tutawaambia nini watu?"

Jioni ile, jikoni kwao, Mwanapili alimimina maji kwenye sinia, akadondosha tone la mafuta ya nazi. Alichomoa chelewa mbili, vile vijiti vya ufagio, akalivuta tone huku na huku. Likarefuka. Likafanya kiuno chembamba kama cha nyigu. Likakatika, yakawa matone mawili. Alijaribu tena na tena, kisha akachovya chelewa ya tatu kwenye sabuni na kuigusisha katikati ya yale mawili. Papo hapo yakakimbiana.

Asubuhi alimwonesha Ruweida. "Nusu mbili za kiini husukumana kwa nguvu kama hivi," alieleza. "Na ukizipima pamoja na vipande vidogo vilivyoruka, uzito wake wote ni mdogo kidogo kuliko wa kiini cha mwanzo. Uzito uliopungua umegeuka nishati. Ndiyo hesabu aliyoipiga Bi Lise pale kwenye gogo."

Ruweida aliruka kwa furaha. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameelewa.

Siku iliyofuata Mwanapili hakwenda skuli. Alikuwa amelala na homa. Mwalimu Rahila alipotaka kuona kazi ilipofikia, Ruweida alileta sinia, mafuta na chelewa, akaonesha kila kitu mbele ya darasa. Tone lilipokatika, wanafunzi walisimama kwenye madawati ili waone.

"Mashaallah!" alisema Mwalimu Rahila. "Nani kafikiria hili?"

Macho yote yalikuwa kwa Ruweida. "Mie, mwalimu," alisema.

Darasa zima likapiga makofi. Neno lilikwisha kutoka, na Ruweida hakulirudisha. Siku zile hakwenda kumtazama mgonjwa, ingawa nyumba zao zilitenganishwa na kichochoro tu. Mama yake alipouliza ni sehemu gani Mwanapili ataizungumzia kwenye maonesho, Ruweida alijibu, "Hataki, mama. Anaona haya."

Mwanapili alipopona akarudi skuli, alikuta chati kubwa imebandikwa ukutani. Juu paliandikwa: *Lise Meitner na Siri ya Kiini*. Katikati palichorwa tone lenye kiuno cha nyigu. Chini paliandikwa: *Imetayarishwa na Ruweida Soud*. Aliisoma mara mbili, kisha akamfuata Ruweida mpaka nyuma ya darasa.

"Jina langu liko wapi?"

"Weye ulikuwa mgonjwa," alisema Ruweida. "Na atakayesimama mbele za watu ni mie. Sauti yako hukauka, unajua mwenyewe."

"Sauti yangu kukauka hakuifanyi rai yangu kuwa yako!" Mwanapili alikuwa akifoka. Ruweida hakuwahi kumwona hivyo. "Kila siku unamlilia Bi Lise. Unagonga meza. Unamtukana Hahn, mtu aliyekwisha kufa. Basi nambie, Ruweida, hapa Mtambile Hahn ni nani?"

"Ati unanifananisha na nani?" Ruweida alipandisha sauti. "Hotuba yote nimeandika mie! Chati nimechora mie! Kwa kitone cha mafuta tu unataka kuniharibia?"

"Kama ni kitone tu, kitoe," alisema Mwanapili, na akaondoka.

Ruweida hakukitoa. Alikasirika siku kadhaa, akijiambia kuwa Mwanapili ana husuda. Lakini kila alipofanya mazoezi ya hotuba, akifika mahali pa tuzo, aliyapitia maneno mbio mbio.

Siku ya kwanza ya maonesho ukumbi wa Tibirinzi, Chake Chake, ulijaa wanafunzi wa skuli mbalimbali. Kwa kuwa chati ilikuwa na jina moja, Mwalimu Rahila alikwenda na Ruweida peke yake. Ruweida alizungumza vizuri mno. Aliposimulia habari ya choo, wasichana waliguna. Aliposema kuwa Bi Lise aliitwa kusaidia kutengeneza bomu la atomu akakataa katakata, watu waliinama mbele wamsikie vizuri. Tone la mafuta lilipokatika na nusu zake kukimbiana, watu walishangilia. Majaji walinong'onezana huku wakitabasamu.

"Maswali?" aliuliza jaji mkuu, Mzee Talib, mwalimu mstaafu.

Msichana mmoja kutoka kisiwa cha Makoongwe alisimama. Jina lake Khairat, na uso wake ulikuwa umekunjamana kwa ghadhabu.

"Mie nataka kujua kuhusu huyo Bwana Hahn," alisema. "Si alimjua mwenzake? Si walifanya kazi pamoja miaka yote hiyo? Basi kwa nini alikubali kusimama peke yake? Mtu anawezaje?"

"Kweli! Anawezaje?" walidakia wengine.

Ruweida alifungua mdomo. Jibu alilolizoea, lile la kumtukana Hahn, lilikuwa tayari ulimini. Lakini aliona kuwa swali lile analijua kwa ndani, pengine kuliko mtu yeyote ukumbini mle. Akaiweka chelewa chini.

"Lililokuwa moyoni mwa Hahn silijui," alisema, na safari hii sauti iliyokauka ilikuwa yake. "Langu nalijua. Ukipigiwa makofi ni matamu. Unasema nitasema kesho. Kesho unaona haya. Keshokutwa unamkasirikia yule uliyemdhulumu." Alionesha kidole kwenye sinia. "Hili tone si rai yangu. Kalifikiria Mwanapili, binti wa ami yangu. Yuko Mtambile. Jina lake nimelificha mie."

Ukumbi ulivuma. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Mwizi mkubwa!" Ruweida alisimama palepale, machozi yakimtiririka, hakukimbia.

Mzee Talib aligonga meza. Hakuwa akitabasamu tena. "Kazi hii haipimwi leo," alisema kwa ukali. "Maonesho yanaendelea kesho. Mwenyewe aje."

Jioni ile Ruweida alibisha hodi kwa ami yake. Mwanapili alimsikiliza mpaka mwisho, mikono ameikunja kifuani.

"Nisamehe," alisema Ruweida.

"Kesho nitakwenda," alijibu Mwanapili. "Lakini hasira bado ninayo. Usiniharakishe."

Bi Nusaiba naye hakumbembeleza mwanawe. "Umenidanganya ndani ya nyumba yangu," alisema. "Na mie nikakaa namlaani Hahn, mzungu wa watu! Kesho utamwomba radhi ami yako pia, na mkewe."

Siku ya pili chati ilikuwa na majina mawili, la Mwanapili likiwa juu. Mwanapili alisimama mbele ya sinia. Sentensi ya kwanza ilimkauka, na baadhi ya wavulana wakacheka. Ruweida alitaka kumsemea, lakini Mwalimu Rahila akamshika bega. Mwanapili aliinama, akalivuta tone lake polepole kwa chelewa zake, na alipoinua macho, maneno yalikuja. Si mengi, lakini yote yalikuwa ya kweli na yalieleweka. Khairat wa Makoongwe alimwuliza maswali, na Mwanapili akamjibu kila moja, hata akasahau kuwa anatazamwa.

Kombe lilichukuliwa na skuli nyingine. Baadhi ya wenzao walimlaumu Ruweida wiki nzima, wakisema angenyamaza wangeshinda. Mwalimu Rahila alipozisikia lawama hizo, aliwakusanya wanafunzi wote darasani.

"Mnaosema angenyamaza, mnanikasirisha kuliko alivyonikasirisha yeye," alisema. "Kosa lake lilikuwa kubwa, na amelikiri mbele ya watu. Nyinyi mnataka lidumu! Na mie nina fungu langu. Niliuliza 'nani kafikiria,' na niliwapa kazi watu wawili. Nikasikia jina moja nikaridhika nalo. Ilinipasa kuuliza wa pili yuko wapi."

Akawatazama Ruweida na Mwanapili, waliokuwa wameketi dawati moja, bado wakiachiana nafasi katikati.

"Kuwakasirikia madhalimu wa mbali ni rahisi, wanangu. Hakutugharimu kitu. Bi Lise hatuwezi kumrudishia tuzo yake. Tunachoweza ni kusema ukweli juu yake. Lakini aliyekaa pembeni yako, yuko hai, ana jina, na haki yake iko mkononi mwako. Mpe leo, kabla hajaja kukuuliza."

Kengele ya mapumziko ikalia. Mwanapili aliinuka, akachukua mkoba wake, akafika mlangoni, kisha akageuka.

"Ruweida," aliita. "Huji?"