Kiti cha Nyuma Kushoto

Siku hiyo ilianza vizuri tu. Nilikuwa nimekaa mbele ya duka la vifaa vya ujenzi la kaka yangu Marko, Chang'ombe ya hapa Dodoma, mguu juu ya mfuko wa saruji, nasoma kwenye simu maoni ya watu kuhusu magari. Hiyo ndiyo ilikuwa ajira yangu. Nina digrii ya uchumi, upper second, GPA ambayo mama aliitangaza mpaka kanisani, na kazi pekee niliyopata tangu nivue joho ni kumchagulia kaka yangu gari, tena kwa bando lake. Wale wa "vijana mjiajiri" naomba wapite kushoto, leo sina muda nao.

Na hii siyo habari ya rafiki wa rafiki. Ilimpata mama yangu mzazi, na mimi nilikuwa ndani ya gari.

Mama anakaa Kibakwe, kule milimani, Mpwapwa. Figo zilikuwa zimeanza kumsaliti. Daktari hapa Dodoma alisema aletwe haraka aanze kusafishwa damu, akae kwa Marko kule Mkonze, awe anakwenda na kurudi hospitali kila wiki. Mara ya kwanza tulimleta kwa basi. Alitapika njia nzima, akafika hajitambui, na alipopata nafuu kidogo akadai arudishwe kwake. Akaapa heri afie kitandani pake kuliko kupanda tena lile dude. Mama akisema, amesema. Basi Marko akauza ng'ombe alioacha baba, karibu zizi zima.

"Msomi," aliniambia, maana jina langu la Gerson alishalisahau, "nataka gari mbili ndani ya moja. Isiniache njiani. Na mama akikaa asijue kama kuna shimo."

Nikamfanyia comparative analysis ambayo wizara ingelipia. Premio: gari la mwalimu mkuu, halikuangushi, halikusisimui. Crown: raha tupu, ila kituo cha mafuta watakujua kwa jina. Mark X: ya vijana wanaotaka kuzikwa wakiwa handsome. Marko akasikiliza, akakuna ndevu, akauliza, "Sasa mama tunamweka wapi humo?" Ndipo fundi wetu Mudrick akapiga simu.

"Chuma kimepatikana. Kipo kwa mama mjane, Area D. Ilikuwa gari ya bosi, vumbi inalisikia redioni. Njooni kabla madalali hawajanusa."

Tulimkuta mama huyo, Generosa, ametusubiri getini. Tukampa shikamoo, akaitikia huku akiangalia kibanda cha gari. Lilikuwa sedani ya kijivu, si kubwa si ndogo, inang'aa kama sahani ya harusi. Aina yake siitaji. Mjapani hana kosa katika hili.

Mudrick akaingia uvunguni, akatoka anacheka. Injini kavu, gia laini, bodi haijaguswa. "Springi ya nyuma kushoto tu imelala kidogo," alisema. "Gari za wakubwa zote ndivyo. Mtu na kitambi chake, miaka nenda miaka rudi, upande mmoja."

Kwa asiyeujua mji huu: Dodoma ni mji wa kiti cha nyuma kushoto. Dereva mbele kulia, msaidizi mbele kushoto, mkubwa nyuma kushoto, kioo nusu, gazeti mkononi. Nimesimama nje ya mageti yao na bahasha yangu ya kaki ya kuombea kazi mpaka nikawa nawatambua kwa visogo. Marehemu mume wa Generosa alikuwa mmoja wao. Alistaafu, lakini kile kiti hakukistaafu. Mjane mwenyewe alituambia: hata kwenda sokoni alikaa nyuma, mkewe mbele.

Tukaenda kulijaribu barabara ya Iringa, kuelekea Mkonze. Kabla ya kupanda, Generosa alifungua mlango wa nyuma kushoto. Akasimama pembeni. Akasubiri. Akaufunga polepole kwa mikono miwili, kisha akaenda kukaa mbele.

"Mazoea tu," alisema. "Wewe mwanangu zunguka, kaa kulia."

Gari liliteleza, nakuambia. Matuta yalikuwa kama yanaombwa radhi. Marko alikuwa anatabasamu kama bwana harusi, na mimi nyuma nilikuwa nahisi ubaridi mtamu upande wangu wa kushoto, saa sita ya mchana, jua la Dodoma lile la kukaanga mayai.

"Bro, AC ya hii gari ni next level," nikamwambia.

"AC sijawasha," Marko akajibu.

Tulipomalizana, Marko, kwa furaha yake, akamwambia mjane, "Mama yetu sasa ndiyo bosi wetu. Tutamkalisha hapo hapo nyuma kushoto."

Generosa alikuwa ananyoosha mkono kumpa ufunguo. Mkono ukabaki hewani. Kisha akaingiza kichwa mlango wa nyuma, akafuta kile kiti kwa pindo la kitenge chake, muda mrefu, ingawa hakikuwa na vumbi.

"Basi mumwombe nafasi," alisema.

"Nani?"

"Mimi nimechoka kukaa mbele, mwanangu." Akaachia ufunguo, akaingia ndani, na hakugeuka kuona gari lake likiondoka. Nikamwambia Marko ni uchungu wa ujane. Nilisoma semester moja ya saikolojia, optional, nikajiona najua.

Jumamosi tukaondoka alfajiri, asubuhi tuko Kibakwe. Mama alikuwa ameshavaa kitenge cha kwaya, amekonda, uso umevimba. Majirani walijaa. Marko akatoka mbio, akafungua mlango wa nyuma kushoto, akapiga saluti. "Karibu, mheshimiwa!" Watu wakacheka, vigelegele juu.

Mama akaingiza mguu mmoja. Akasimama.

"Marko. Mbona hamkuniambia mna mgeni?"

"Mgeni gani, mama?"

Mama aliinamisha kichwa ndani, akasema, "Mbukwa," ile salamu yetu Wagogo, kwa heshima anayowapa watu asiowajua. Akasubiri kuitikiwa. Majirani wakaacha kucheka.

Daktari alikuwa ametuonya: uchafu wa figo ukipanda kichwani, mgonjwa huona vitu. Nikamnong'oneza Marko hivyo. Akaitikia kwa kichwa, macho yamejaa machozi. Mama akakaa hatimaye, taratibu, upande upande, kama mtu anayekaa kwenye benchi lililojaa.

Tukashuka milima. Marko alikuwa anaendesha kama amebeba trei ya mayai. Mimi niko mbele kushoto. Nyuma mama alikuwa anaongea, sauti ya chini, ananyamaza, anaongea tena.

"Mama, unasemaje?"

"Siongei na wewe."

Tukapita Mpwapwa. Jua likapanda.

"Mwanangu," alinong'ona. "Huyu mzee anasema nimekaa kwenye kiti chake."

"Mama, pumzika. Hakuna mtu."

"Ananisukuma."

Nikageuka. Mama alikuwa amehamia kulia kabisa, bega limebanwa mlangoni, magoti pamoja, kama abiria aliyezidiwa na jirani mnene. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu.

Ila kilikuwa kimebonyea.

Sikumwambia Marko. Ningemwambia nini? Nikakaza macho barabarani. Tulipoifikia barabara kuu, askari wa usalama barabarani akatupunga tusimame. Marko akaanza kutafuta leseni. Kijana yule alikuja na uso wa kazi, akainama dirishani kwa Marko, akaangalia nyuma. Uso ukabadilika. Akanyooka. Visigino vikagongana. Saluti.

"Shikamoo, mzee. Samahani, mheshimiwa." Kisha akamgeukia mama yangu, mgonjwa, aliyejikunja kama nguo. "Mama, sogea basi, umpishe mzee anyooshe miguu."

Akaturuhusu. Hakuuliza hata leseni.

Marko akaondoa gari.

"Umemsikia?" alinong'ona.

"Nimemsikia."

"Nyuma kuna nani, Gerson?"

Aliniita jina langu. Hapo ndipo niliogopa kweli.

Mama akaanza kukoroma. Si usingizi. Pumzi ilikuwa inakatika, inarudi, inakatika. "Niteremsheni," alisema. "Nitakwenda kwa miguu. Niteremsheni." Hospitali ilikuwa bado mbali kidogo. Kusimama ni kumpotezea muda asionao. Kutosimama ni kumwacha na yule. Ewe unayesoma, wewe ungefanya nini? Usinijibu haraka.

Marko akasimama pembeni, hakuna mti, hakuna nyumba, jua tu na vichaka vya miiba. Akafungua mlango wa nyuma kulia. Mimi nikamshika mama kiunoni, yeye akamshika bega. Tukavuta.

Mama hakutoka.

Ana uzito gani mama? Alishabaki mifupa. Tukavuta tena. Ndipo nikaona mkono wake wa kushoto. Ulikuwa umenyooka kuelekea kile kiti, umekazika, vidole vimetanuka. Ngozi ya kifundo cha mkono, pale chini ya kiganja, ilikuwa imeminywa pande zote. Imeminywa na hewa.

"Mwachie!" Marko alipiga kelele. Kaka yangu, mzee wa kanisa, anakisihi kiti kitupu. "Mzee, mwachie mama yangu! Chukua gari! Chukua gari lote!"

Injini ilikuwa inaunguruma kwa utulivu wake ule ule wa kupendeza.

"Acheni kunivuta," mama akasema. "Mtanichana."

Tukaacha. Alitutazama kwa zamu, mimi, kisha Marko, kama anatuhesabu. Mama yangu hajawahi kumfukuza mgeni. Mwaka wa njaa aliwahi kumpa mpita njia ugali wetu, sisi tukalala na uji. Nilipoona anavyotutazama nikajua anachotaka kufanya, nikasema, "Mama, hapana. Mama, please, usimkaribishe."

Lakini alishageuza uso.

"Nimechoka kugombania kiti na wewe, baba," alisema, kwa upole kabisa. "Wewe una safari, na mimi nina safari. Karibu. Tukae wote."

Akasogea kushoto. Akakaa pale pale palipobonyea. Mkono ukalegea. Pumzi ikarudi, ndefu, nzito, ya kutokea tumboni. Gari lote likatikisika kidogo na kutulia, kama mtu mzito amemaliza kujiweka sawa.

"Mama?" Marko aliita. "Mama, uko sawa?"

Alikuwa anaangalia mbele.

"Endesha," alisema.

Nawahi kusema: hakufa. Mpaka leo yuko Mkonze kwa Marko, anasafishwa damu, anakula, uvimbe umeshuka, na daktari anatupongeza. Watu wa kanisa wanatoa ushuhuda kwa ajili yake. Ndiyo maana sina pa kwenda kulia. Nitamwambia mchungaji nini, kwamba mama amepona, tunaomba msaada?

Tulifika hospitali mchana ule, Marko amelowa jasho mpaka kwenye soksi. Tukashuka mimi na yeye, tukakimbilia kutafuta kiti cha magurudumu. Tuliporudi mama alikuwa bado amekaa garini. Mlango haukuwa umefungwa kwa loki. Alikuwa ameweka mikono mapajani, kidevu juu, anasubiri mtu amfungulie.

Marko akamfungulia. Hakusema asante, mama yangu ambaye hushukuru hata akipewa kijiti cha kuchokonolea meno. Na alipopita karibu yangu hakunitazama. Aliniangalia kidogo tu kwenye mikono, kama anatafuta kama nimeshika bahasha.

Wodini muuguzi mmoja, Yasinta, akaja kumtafutia mshipa. Binti mchangamfu, mikono myepesi. Akakunja mkono wa kitenge, akageuza mkono wa kushoto juu, akatulia.

"Saa ya bibi mmevua nyie?" aliuliza. "Muitunze wenyewe, msije mkasema imeibiwa hapa."

"Saa gani?" nikasema. "Mama hajawahi kuvaa saa. Hajui hata kuisoma."

Yasinta akatuangalia kama watoto waongo. Akausogeza ule mkono kwenye mwanga wa dirisha.

Kuanzia kiwikoni kushuka, ngozi ya mama ilikuwa imeungua jua, rangi ya mkono unaoegemea dirisha la gari miaka na miaka. Katikati ya weusi huo, juu kidogo ya kiganja, kulikuwa na mkanda mpana, mweupe, laini. Juu, duara la saa kubwa ya kiume. Chini, alama ndogo ya kifungo cha mkanda wake.

Marko akalowesha kidole gumba kwa mate, akasugua pale, kama anamfuta mtoto doa. Akasugua, akasugua, huku analia bila sauti. Haukutoka.

Mama akauvuta mkono wake kutoka kwa Marko. Akauinua mpaka karibu na macho, akapaangalia pale peupe, kisha akautazama mlango, kama mtu anayecheleweshwa na walio chini yake kazini.